BAHARI YAPANDA, NA WENYE PWANI HAWAKUULIZWA

Wasomaji wetu watatuwia radhi. Leo hatuandiki juu ya daftari la wapiga kura, wala juu ya yale maneno ya Barazani ambayo kila mtu keshayasikia na keshayachoka. Leo twaandika juu ya maji. Yumkini wako watakaouliza: chama cha siasa kina jambo gani na bahari, ambayo hujaa na kupwa kwa amri ya Mwenyezi Mungu na haina kadi ya chama chochote? Twawaomba watu hao watusome mpaka mwisho, kisha ndipo watuhukumu.

Mtu wa pwani hafundishwi bahari. Aijua bamvua na ayajua maji mafu. Ajua kaskazi yaingia lini na kusi yageuka lini. Na hapa Unguja na Pemba amezoea kuyaona maji ya bamvua yakipanda na kushuka kiasi cha mita 4 katika muda wa saa sita. Kwa hivyo akiambiwa na wataalamu ya kwamba bahari za dunia zilipanda kwa sentimita 20 tu baina ya mwaka 1901 na mwaka 2018, hucheka. Sentimita 20 haizidi shibiri. Shibiri moja ni kitu gani kwa mtu ambaye kila siku huona mita zikija na kwenda?

Jawabu ni kwamba shibiri ile haiji peke yake, bali huja imepanda juu ya mgongo wa bamvua. Siku nyingi za mwezi mtu huenda asiione kabisa. Lakini siku ya bamvua kubwa, ikisukumwa na upepo, ndiyo inayovuka tuta ambalo wazee wetu walilipima wakaona latosha. Na sehemu nyingi za pwani zetu ni tambarare: shibiri iliyosimama wima, ukiilaza juu ya mchanga huwa hatua nyingi. Tena mwendo wenyewe wazidi. Kutoka 1901 hadi 1971 bahari ilipanda kwa wastani wa milimita 1.3 kwa mwaka; kutoka 2006 hadi 2018 ilipanda milimita 3.7 kwa mwaka, yaani karibu mara tatu. Sababu zake zajulikana. Moshi wa makaa, wa mafuta na wa gesi umezuia joto la dunia lisitoke. Katika kila sehemu 100 za joto hilo lililozidi, zaidi ya 90 zimemezwa na bahari. Na maji yakipata moto hutanuka, huku barafu za Greenland, za Antaktika na za milimani zikiyeyuka na kuongeza maji juu ya maji.

Hayo ni ya kupanda. Sisi twataka kuzungumza khasa juu ya joto, kwa kuwa kupanda kwa maji kwaonekana kwa macho na joto halionekani, na katika visiwa vyetu joto ndilo lililotangulia kutia mkono katika mfuko wa maskini.

Mwaka 1989 ukulima wa mwani wa biashara ulianza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Mwani wenyewe haukuwa mgeni, kwani miaka mingi kabla ya hapo ulikuwa ukiokotwa ufukweni na kuuzwa ng'ambo, na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameuchunguza muda mrefu akisema kuwa walimika. Lakini wanaume wengi hawakuona maana ya kuinama majini na kufunga majani kwenye kamba. Wanawake wakaiona. Walisimika vijiti, wakavuta kamba, wakafunga mbegu moja moja, na kila bamvua maji yalipokupwa wakateremka kwa miguu, kanga zimefungwa kiunoni, kupalilia na kuvuna. Kwa kazi hiyo Zanzibar iliifanya Tanzania kuwa ya mbele barani Afrika katika zao hili. Wakulima wake wamehesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na katika kila kumi, wanane au zaidi ni wanawake.

Twaomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Mwanamke wa kijijini ambaye hakuwa na karafuu, wala hakuwa na jahazi, wala hakuwa na duka, alipata kwa mara ya kwanza fedha ambazo hakumwomba mtu. Kwa fedha hizo watoto walinunuliwa sare na madaftari ya skuli. Mapaa ya makuti yakageuka kuwa ya bati. Mjane aliweza kujenga chumba chake mwenyewe na kukaa humo bila ya kusimangwa na shemeji. Hapana mpango wowote wa serikali, wa zamani au wa sasa, tunaoukumbuka kuwa ulifanya hayo kwa watu wengi kiasi hicho katika muda mfupi namna hiyo. Na haukuwa mpango wa serikali kwa hakika. Ulikuwa ni mgongo wa wanawake.

Sasa yafaa ifahamike kwamba mwani unaolimwa ni wa namna mbili. Uko unaoitwa spinosamu na uko unaoitwa kotonii. Kotonii ni mnene, na utomvu wake ndio unaotakiwa zaidi na viwanda vya ng'ambo kwa kugandisha vyakula, dawa za meno na dawa za hospitali. Bei yake imezoea kuwa karibu maradufu ya mwenziwe. Lakini kotonii hauvumilii joto. Mimea hii hupenda maji ya digrii 25 hadi 30 hivi. Maji ya kina kifupi, yaliyotuama juu ya mchanga mweupe wakati wa jua la mchana, hupindukia mpaka huo, na bahari yenyewe ikiwa imekwisha pata joto huwa hayana pa kupoa. Hapo matawi hugeuka meupe, hulainika, hukatika na kuchukuliwa na mkondo. Majani mengine madogo huota juu yake na kuuzonga. Na iko namna ya uchafu wa baharini unaoshamiri katika joto hilo ambao huwawasha wakulima ngozi na macho. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ulianza kufa mahali pamoja baada ya pengine. Katika sehemu kubwa ya pwani za mashariki ya Unguja umetoweka mashambani, na wakulima wamebaki na spinosamu, yaani kazi ile ile, mgongo ule ule, kwa nusu ya malipo.

Wataalamu hawakukaa kimya. Dkt. Flower Msuya, ambaye amewatumikia wakulima wa mwani kwa miaka mingi, amefundisha ya kwamba kotonii waweza kuishi ukipelekwa kwenye maji ya kina yaliyo baridi zaidi, ukaning'inizwa kwenye kamba zinazoelea au ukatiwa ndani ya nyavu zilizoshonwa mfano wa mirija ili usichukuliwe na mawimbi. Dawa, basi, ipo. Twapenda kulisema jambo hili waziwazi ili mtu asitusingizie kuwa twauza kukata tamaa.

Lakini itazame dawa hiyo. Mwanamke aliyekuwa akiteremka kwa miguu sasa ataka chombo. Chombo ni cha nani? Vyombo katika vijiji vyetu ni vya wanaume. Ataka kujua kuogelea, na wanawake wetu walio wengi hawakufundishwa kuogelea, kwa sababu ambazo kila mmoja wetu azijua na hatuna haja ya kuzibishania hapa. Ataka kamba nyingi zaidi, nanga, maboya, na mtu wa kumsaidia kuvuta. Vitu hivyo vyote vina bei, na yeye kipato chake kimekatwa nusu. Akopeshwe na nani? Mara nyingi anayempa kamba na mbegu ni yule yule atakayekuja kununua mwani wake na kumtajia bei. Matokeo yake ni kwamba zao la mwanamke laondoka mikononi mwake bila ya kunyang'anywa na mtu. Hapana amri iliyotolewa wala sheria iliyopitishwa. Maji yamepata moto tu, na mali imehama kutoka kwa asiye na chombo kwenda kwa mwenye chombo.

Huu ndio msiba tunaotaka uangaliwe. Bahari haikudhulumu watu wote sawa.

Ukivuka kwenda Pemba utaona sura nyingine ya mambo hayo hayo. Kule mikono ya bahari yaingia ndani kabisa ya ardhi, na mabonde ya mpunga yamepakana na mikandaa. Maji ya chumvi yakivuka mara moja, mpunga wa mwaka ule umekwenda. Yakivuka mara tatu nne, bonde lageuka jangwa la chumvi, likaota majani ambayo hata ng'ombe hayataki. Katika Kisiwa Panza na mahali penginepo watu wameona makonde ya wazee wao yakiingiwa na bahari. Juu ya visima hatutasema mengi, ila kwamba katika visiwa vya mawe ya matumbawe kama vyetu maji matamu yaelea juu ya maji ya chumvi, na anayevuta mno juu huyaita ya chini yapande. Hoteli yenye mabwawa ya kuogelea na kijiji chenye ndoo vyavuta katika mtungi mmoja.

Na matumbawe yenyewe, ambayo ndiyo ukuta wetu wa kuvunja mawimbi na ndiyo nyumba ya samaki wetu, yalipauka vibaya katika Bahari ya Hindi ya magharibi mwaka 1998, yakapauka tena 2016, yakapauka tena 2024. Mwezi wa Mei wa mwaka huo huo wa 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, katika bahari ambayo wazee wetu walituambia kuwa haina vimbunga.

Sasa twageukia majibu tunayopewa tunapouliza. Ni mawili.

La kwanza ni kwamba hii ni qadari. Sisi ni Waislamu kwa sehemu iliyo kubwa kabisa, na hatuna mzozo na qadari. Lakini mtu ambaye paa lake lavuja hasemi ni qadari akalala na mvua, hupanda akaezeka. Anayetwambia tunyamaze kwa jina la qadari, twamwomba atwambie kwanza kama mishahara ya wakubwa nayo imeachiwa qadari.

La pili ni kwamba haya yameletwa na nchi tajiri, na sisi hatuna la kufanya. Nusu ya kwanza ya jawabu hilo ni haki tupu. Bara zima la Afrika halitoi hata sehemu 5 katika kila 100 za moshi huo, na visiwa vyetu havina hata chembe ya kutajwa. Wao wamechoma, sisi twalipa. Lakini nusu ya pili ni uvivu uliovishwa joho la uzalendo. Mikandaa ya mabonde yetu hawakuja kuikata watu wa London. Mchanga unaochimbwa ufukweni kwa ajili ya majengo hauchukuliwi usiku na watu wa Chicago. Yuko mfano karibu yetu. Mbele ya Pangani palikuwa na kisiwa kiitwacho Maziwi, chenye miti, na kasa wakipanda kutaga mayai humo. Leo Maziwi ni fungu la mchanga tu, na maji yakijaa hulioni. Wataalamu wamebishana juu ya sababu zake, na mojawapo ya zilizotajwa ni miti iliyokatwa. Kisiwa kilichovuliwa miti hungoja bahari kikiwa uchi.

Basi tufanye nini? Hapa ndipo siasa inapoingia, na wale waliotuuliza mwanzo wa makala hii watupe masikio.

Tangu mwaka 1990 visiwa vidogo vya dunia vimefanya umoja wao wa kusemea jambo hili katika Umoja wa Mataifa. Komoro wamo. Shelisheli wamo, wenye watu laki 1 na kitu. Morisi wamo. Zanzibar, ambayo hesabu ya mwaka 2022 iliikuta na watu milioni 1 na laki 8 na zaidi, haimo. Kwa kuwa Mambo ya Nchi za Nje ni ya Muungano tangu 1964, na mlangoni pa mikutano ile huulizwi una visiwa vingapi, huulizwa una kiti gani. Hali ya kuwa mazingira hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hivyo maji yanayoingia Kisiwa Panza ni yetu wenyewe, lakini neno la kuyasemea Geneva au New York si letu. Tazama wenzetu walivyofanya. Vanuatu, visiwa vyenye watu laki 3 na kitu, walianza kwa shauri la wanafunzi wa chuo kikuu, wakalipeleka mpaka Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi wa Machi 2023. Na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatamka kuwa dola zinao wajibu wa kisheria wa kuilinda hali ya hewa ya dunia, na kwamba anayeuvunja aweza kudaiwa fidia. Mfuko wa kuwafidia wanaopata khasara ulikubaliwa Misri mwaka 2022 na ukafunguliwa Dubai mwaka 2023. Ahadi zilizotolewa pale Dubai hazikufika dola bilioni 1 kwa dunia nzima, nazo ni kama tone la maji baharini. Lakini hata tone hilo lina foleni, na sisi hatumo katika foleni kwa jina letu.

Twadai, basi, kwamba kila ujumbe wa Jamhuri ya Muungano uendao kuzungumza juu ya bahari na hali ya hewa uwe na watu wa Visiwani wenye haki ya kusema, wala si wa kubeba mikoba. Na kwamba fedha zozote zitakazopatikana kwa ajili ya visiwa zitangazwe kwa hesabu, shilingi kwa shilingi, mbele ya Baraza la Wawakilishi.

Lakini hatuwezi kudai kiti nje na huku ndani tumemnyima kiti mwenye kuumia. Twasikia sana juu ya uchumi wa buluu. Ni maneno mazuri. Twauliza: katika vikao vinavyogawa ufuko, kipande hiki cha hoteli, kile cha gati, mwanamke wa mwani hukaa wapi? Anapoambiwa ahamishe vijiti vyake kwa sababu vyawaharibia wageni mandhari, nani alimwuliza? Sheria za ujenzi hupima umbali kutoka mahali maji yanapofika yakijaa. Vyema. Lakini maji yale yamesogea na yataendelea kusogea. Je, kipimo husogea nayo, au kimebaki pale alipokiacha karani wa miaka ishirini iliyopita? Kuta zajengwa mbele ya majengo ya thamani, na wimbi likigonga ukuta halifi, hukengeuka likaenda kuula ufuko wa jirani asiye na ukuta. Twataka vyombo na jaketi za kuokolea vikopeshwe kwa vikundi vya wanawake kwa jina lao wenyewe, si kwa jina la waume zao. Twataka wafundishwe kuogelea, na wanawake wenzao, mahali pa stara. Mikandaa ipandwe tena mbele ya mabonde, na wanaoipanda walipwe ujira kama wanavyolipwa wanaojenga barabara.

Na ili tusije tukaonekana twatazama kibanzi katika jicho la mwenzetu tu, tukiri: chama chetu nacho hakijasalimika. Tumefanya mikutano mingi katika vijiji vya mwani. Wanawake hukaa nyuma, hupiga vigelegele, hugawa chai. Hatukumbuki mara tulipomwita mmoja wao mbele kutueleza maji yana joto gani miguuni mwake.

Tuanze leo. Bamvua kubwa za mwaka huja kwa kawaida katika miezi ya Machi na Septemba. Twaomba kila tawi letu la pwani, Unguja na Pemba, lichague mahali pamoja pasipohama, ukuta wa msikiti, nguzo ya banda au mnazi wa zamani, na siku ya bamvua litie alama ya chokaa pale maji yalipofika, na kuandika tarehe na saa. Wanawake wa mwani watuandikie jina la mahali wanapolima, maji yawafika wapi mwilini yakiwa yamekupwa, kotonii ulikufa mwaka gani na mwezi gani, na chombo wanachotumia ni cha nani. Asiyeweza kuandika amwambie mtoto wake wa skuli. Majina ya watu hatuyataki. Karatasi hizo zikabidhiwe makatibu wa matawi, nasi tutazipiga chapa humu humu, kijiji kwa kijiji, kama zilivyoandikwa, bila ya kuzinyoosha lugha.